Simu badala ya kifaa cha GPS: mwaka wangu wa kwanza barabarani

Kifaa changu cha GPS sasa kinalala kwenye droo, waya umekizunguka kama kamba ya mbuzi. Sikukitupa, na sababu nitaisema.

Kilichonichosha ni ramani zake. Kuzisasisha kulikuwa kazi: ukitoe garini, ukiunganishe na kompyuta, usubiri, halafu kikwambie nafasi haitoshi. Nikawa naahirisha mwezi hadi mwezi. Siku moja nikiwa juu ya lami mpya kabisa, kigari changu kwenye kioo chake kikawa kinaelea porini, na sauti inanisihi nigeuze nirudi nilikotoka. Hapo nikakata shauri kujaribu simu.

Raha ya kwanza niliyoiona ni kutafuta. Zamani nilianza na mji, kisha mtaa, herufi moja moja kwa kidole. Sasa naitamkia simu jina la ninakokwenda kabla sijaondoka, basi. Foleni naiona mapema, mstari mwekundu kule mbele, na mara nyingi napewa njia nyingine kabla sijanasa.

Wengi huniuliza kama GPS haimalizi data. Kwa kweli kupata mahali ulipo hakuhitaji data. Simu hupokea tu ishara za setilaiti zilizo kama kilomita 20,000 juu yetu, na ikizisikia nne inajua iko wapi. Data inakwenda kwenye ramani yenyewe na habari za foleni. Mimi hupakua ramani ya eneo zima nikiwa kwenye Wi-Fi. Kuna programu kama Organic Maps na OsmAnd zinazotumia ramani za OpenStreetMap, mradi wa watu wanaojitolea ulioanza 2004, nazo zinakuongoza bila mtandao kabisa. Nilizima data safari nzima ili nihakikishe: kidoti kikaendelea kutembea nami. Nilichokosa ni foleni tu. Ila ukiiwasha simu mahali pasipo na mtandao, inachelewa kidogo kujipata, kwa sababu kwa kawaida huomba mtandao uiambie setilaiti ziko wapi.

Sasa nije kwenye joto, maana hapa ndipo simu iliponiangusha. Nilikuwa nimeibandika kwenye kioo cha mbele, jua la saa saba linaipiga usoni, mwanga wa skrini umefika mwisho, inachajiwa, na kava nene imeivaa. Kwanza skrini ikafifia. Nikadhani ni macho yangu. Kisha ramani ikatoweka na onyo likaja kwamba simu inahitaji kupoa. Hayo yote mita chache kabla ya njia panda yenye matawi manne! Nikapitiliza, nikaenda kugeuzia mbali sana, nikaegesha kivulini nikiwa nimeishika simu kwa ncha za vidole kama kiazi kilichotoka jivuni.

Tangu siku hiyo holda yangu inabana kwenye tundu la kiyoyozi, upepo wa baridi unaipuliza simu mgongoni, na kava naivua. Halijajirudia tena. Wakati wa baridi, ukiwasha hewa ya moto, lifunge tundu hilo, la sivyo unaichoma mwenyewe.

Chaja nayo iangalie. Ya kwanza niliyotumia ilikuwa inatoa nusu ampea, alama ya kuchaji inawaka vizuri, lakini asilimia zinashuka kutoka 62 hadi 55 huku nikiangalia. Nilipoweka ya ampea 2.4 betri ikaanza kupanda.

Na simu zinazoingia: huwa zinafunika ramani hasa ukiwa kwenye mzunguko unahesabu njia za kutokea. Weka hali ya kutosumbuliwa kabla ya kuwasha gari.

Kwa jumla naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya joto, maana kile kifaa cha zamani kilikaa juani miaka na hakikuwahi kulalamika. Ndiyo sababu kwenye safari ndefu za mchana bado nakitia kwenye mkoba. Juzi nilikiwasha kukijaribu. Kikatafuta setilaiti kwa dakika kadhaa, kikazipata, kikaniambia niko porini.