Globu za LED za wati 9, toleo jipya: bei imeshuka kidogo, uimara umeshuka sana

Wadau, mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Dar na hizi globu nimezifunga sana, za zamani na hizi mpya. Jina la kampuni sitalitaja ila mafundi wenzangu nikieleza tu mtaijua. Ya zamani ilikuwa nzito mkononi, shingo yake alumini, boksi limeandikwa umri wa saa 25,000, waranti miaka miwili. Hii mpya nyepesi, plastiki mwanzo mwisho, saa 15,000, waranti mwaka mmoja. Bei imetoka 3,500 imekuwa 3,000. Naipa nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za mwanga tu, maana mwanga wake kwa kweli ni mzuri, rangi imetulia na chumba kinajaa.

Nimeikata kile kikombe cheupe cha juu nikaona ndani. Ya zamani ilikuwa na chipu 18 ndogo ndogo, ndizo zinazotoa mwanga, zimetawanywa kwenye sahani ya alumini, hii mpya zipo 9 na mwanga unaotakiwa ni ule ule, maana yake kila chipu inabebeshwa mzigo wa mbili. Joto linapanda na halina pa kwenda kwa sababu alumini imeondolewa. Zile zilizorudishwa kwangu na wateja karibu zote zina ugonjwa mmoja, unakuta chipu moja ina kidoti cheusi katikati kama imechomwa na sindano, na kwa kuwa zimeungwa kwa mfululizo basi hiyo moja ikikata zinazima zote tisa. Nane nzima kabisa zinakwenda jalalani! Na kapasita, kile kifaa cha kutuliza umeme ndani ya globu, nayo wameweka ndogo, wameibana jirani na joto, wakati kanuni yake mafundi tunaijua, joto likiongezeka kama digrii 10 umri wa kapasita unakatika karibu nusu.

Sasa kilichonifanya niandike ni mpango wenyewe. Afisa mauzo wao alipita duka ninalochukulia vifaa Kariakoo, nikiwa hapo hapo, akawa anamweleza mwenye duka bila kificho kwamba ile ya zamani ilikuwa inadumu kupita kiasi, mteja akishanunua humuoni tena, na mteja wa huku anachotazama ni bei tu, kwa hiyo wamepunguza uimara, wamepunguza gharama, na mteja atarudi mapema. Nikamuuliza, kaka, akirudi atarudi kwenu kwa sababu gani? Akasema jina letu linajulikana.

Hapo ndipo mimi nasema hesabu yao imekaa vibaya. Mpango kama huu ulishawahi kufanyika na ukafanya kazi, lakini angalia ulifanyikaje. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya globu duniani, Osram, Philips na wenzao, pamoja na yale yaliyofungamana na General Electric, walikutana Geneva wakaunda umoja wakauita Phoebus, wakakubaliana globu idumu saa 1,000 wakati nyingi zilikuwa zinafika 1,500 mpaka 2,000. Kila kiwanda kinapeleka sampuli Uswisi zinapimwa, na globu zako zikidumu kuliko walivyokubaliana unapigwa faini. Ilifanya kazi kwa sababu mteja hakuwa na pa kukimbilia, akitoka kwa huyu anaenda kwa yule anakuta saa 1,000 hizo hizo. Vita ya 1939 ndiyo ikauvunja ule umoja. Sasa nyie kampuni ya hii globu mpo peke yenu, hamna umoja na mtu, na pale Kariakoo kwenye shelfu moja unakuta aina za globu hata huzimalizi kuhesabu, ya kwenu ikizima mapema mkono wa mteja unahama inchi chache tu kuchukua ya pembeni. Huyo mteja mnayemsubiri arudi mmempeleka wenyewe kwa jirani.

Kwa haki niseme jambo moja, wale wa Phoebus, ambao globu zao zilikuwa za waya, walau walikuwa na hoja ya kitaalamu, maana waya ukiupoza udumu zaidi unatoa mwanga kidogo kwa umeme ule ule, na hata tume ya Uingereza iliyochunguza biashara ya globu ikatoa ripoti 1951 ililiona hilo. Kwenye LED hoja hiyo inageuka kabisa. Ukiongeza chipu ukazilisha umeme kidogo kidogo unapata vyote viwili, mwanga zaidi kwa kila wati na umri mrefu. Mfano upo, ile Dubai Lamp ambayo Philips walitengeneza na manispaa ya Dubai wakaitangaza 2016, wati 3 tu inachukua nafasi ya globu ya waya ya wati 60, na umri wake saa 25,000. Kwa hiyo kukata chipu kutoka 18 mpaka 9 ni kumpunguzia mteja umri na kumuongezea luku kwa wakati mmoja.

Na hili la kwamba mteja anatazama bei tu, jamani, simameni dukani muone. Mama anakuja kununua globu moja, anaomba ijaribiwe kwenye holda pale kaunta, anaishika aone uzito, kisha anamwambia muuzaji aandike tarehe kwa maka peni kwenye kitako ili ikizima aje nayo. Huyo ndiyo mnasema hajali uimara? Mwenye hela kidogo ndiye anayeumia zaidi globu ikifa, maana ile 3,000 ya pili hakuipangia. Kuna mteja wangu ana ngazi za ghorofa, taa iko juu sana, kila ikizima inabidi aniite nije na ngazi yangu ndefu, ananilipa kuliko bei ya globu yenyewe mara kadhaa, halafu mmemuokolea 500.

Kisingizio kingine alichotoa ni umeme wa huku kupanda na kushuka, kwamba hata uifanye imara vipi itaungua tu. Sawa, umeme unapanda na kushuka, lakini ya zamani ilikuwa kwenye umeme huo huo na nyumba hizo hizo, na nyingine mpaka leo zinawaka. Kama umeme ni mbaya basi kinga ndani ya taa inatakiwa iongezwe, nyie mmeitoa.

Tena fanyeni hesabu ya boksi lenu wenyewe. Saa 15,000 ukiwasha saa 6 kwa siku ni karibu miaka 7. Mnaahidi miaka 7 kwenye boksi, waranti mwaka mmoja, na afisa wenu anasema mteja atarudi mapema. Mtu akisoma hayo matatu pamoja aamini lipi?

Kwa sasa mimi nikiulizwa na mteja namwambia kwa chumba cha kawaida kilicho chini unaweza kuichukua ila tunza boksi na risiti. Sehemu ya juu, ngazi, ukumbi, au taa ya nje inayowaka usiku kucha, usiifunge, tafuta yenye mwili wa alumini na waranti kuanzia miaka miwili hata kama ni 4,500. Na kwa kampuni, rudisheni ile ya chipu 18 mbadilishe boksi tu, muiuze hata 4,000, mimi nitachukua katoni nzima.