Fail2ban: mlinzi hodari, ila usimwamini kwa sababu tu amevaa sare

Seva ikishapewa anwani ya IP ya hadharani na mlango wa 22, wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), ukaachwa wazi, roboti huanza kuupapasa bila kuchelewa. Fungua kumbukumbu za mfumo, au logi kama mafundi wanavyoziita, kwa amri ya `journalctl -u ssh`, na mistari ya "Failed password for root" na "Invalid user admin" itakuwa imejipanga kama siafu. Fail2ban hukaa chinichini ikiisoma mistari hiyo inapoandikwa na kuhesabu makosa ya kila anwani. Anwani ikifikia kiwango, inaiagiza ngome ya seva (firewall) iifungie nje kwa muda. Cyril Jaquier aliianzisha mwaka 2004. Imeandikwa kwa Python, ni bure chini ya leseni ya GPL, na ipo kwenye hazina ya karibu kila Linux inayotumika kwenye seva.

Kwa kulinda SSH kwenye seva moja au chache, bado ndiyo chaguo la kwanza. Kwa tovuti iliyo ndani ya kontena (programu iliyofungiwa kwenye mazingira yake yenyewe, kama ya Docker) au nyuma ya Cloudflare, huduma inayopokea wageni kwa niaba ya tovuti, jiandae kutoa jasho. Na ina kasoro moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote: inaweza kuonekana iko kazini, amri ya `systemctl` inayoonyesha hali ya huduma ikaandika "active (running)" kwa rangi ya kijani, kumbe haijamfungia hata mtu mmoja.

Muundo wake ni rahisi kuelewa. Kitengo kimoja cha ulinzi kinaitwa jela, na kila jela ina chanzo cha logi, kichujio kinachotambua mstari wa kosa, na kitendo cha kuchukua. Vichujio viko `/etc/fail2ban/filter.d`, vitendo viko `action.d`. Namba tatu ndizo zinazoamua: `maxretry` ni idadi ya makosa, `findtime` ni kipindi ambacho makosa hayo yanahesabiwa, na `bantime` ni urefu wa kifungo. Ikitoka kiwandani ni makosa 5 ndani ya dakika 10, kifungo dakika 10. Dakika 10 kwa roboti si adhabu, ni mapumziko ya chai. Anzia saa moja, kisha washa kifungo kinachokua.

Usiguse `jail.conf`, maana ni faili la kifurushi na utasumbuka kila unapopandisha toleo. Andika yako ndani ya `/etc/fail2ban/jail.local`:

```
[DEFAULT]
ignoreip = 127.0.0.1/8 ::1 203.0.113.10
findtime = 10m
maxretry = 5
bantime = 1h
bantime.increment = true
bantime.maxtime = 1w

[sshd]
enabled = true
backend = systemd
```

`ignoreip` ni anwani zisizofungiwa kamwe; hiyo 203.0.113.10 ni mfano tu. Weka anwani ya ofisi yako isiyobadilika. `bantime.increment` ilikuja na toleo la 0.11: anayerudi anaongezewa kifungo mara mbili kila mara, saa 1, 2, 4, hadi kufikia wiki. Kabla ya kuiwasha upya, `fail2ban-client -t` inakagua mipangilio na kukuambia palipokosewa.

Sasa tuje kwenye kusinzia kwake. Debian 12 iliacha kusakinisha yenyewe rsyslog, programu inayoandika logi kwenye mafaili, kwa hiyo `/var/log/auth.log` haipo kwenye mashine mpya. Fail2ban inalitafuta faili hilo, inalikosa, inagoma kuwaka na kuacha ujumbe "Have not found any log file for sshd jail". Tiba ni ule mstari wa `backend = systemd` hapo juu, unaoifanya isome logi za systemd badala ya faili, pamoja na kifurushi cha `python3-systemd`. Tatizo hili angalau linapiga kelele. Hata lile la Ubuntu 24.04, ambapo toleo la 1.0.2 lilikufa kwa kukosa moduli ya asynchat iliyoondolewa kwenye Python 3.12, lilionekana wazi na likatibiwa kwa sasisho.

Hatari ni yale ya kimya. OpenSSH, programu ya SSH ya seva nyingi, iligawa kazi kwenye toleo la 9.8 lililotoka Julai 2024: mchakato unaoshughulikia kila muunganisho sasa unaitwa `sshd-session`, si `sshd`. Kichujio cha zamani kinachotafuta jina `sshd` hakioni kitu. Jela inawaka bila kosa lolote, "Currently failed" inabaki 0 siku nzima, na mwenye seva anafurahi kwamba leo hakuna washambuliaji. Ukipandisha OpenSSH, hakikisha na fail2ban imepandishwa, kisha uulize kichujio chenyewe:

`fail2ban-regex systemd-journal /etc/fail2ban/filter.d/sshd.conf`

Ikiwa logi imejaa majaribio na matokeo yanasema 0 matched, hapo huna mlinzi.

Kimya kingine kiko upande wa kitendo. Kuna matoleo mepesi ya Linux yasiyo na iptables, chombo cha kupanga kanuni za ngome, ilhali kitendo kilichowekwa ni `iptables-multiport`. Fail2ban inaandika "Ban" kwenye `/var/log/fail2ban.log`, amri ya status inaonyesha anwani imefungiwa, lakini mstari unaofuata kwenye logi ni kosa la kushindwa kuendesha amri, na mshambuliaji anaendelea na kazi yake. Weka `banaction = nftables` kama mashine inatumia nftables, mrithi wa iptables, halafu thibitisha kwa `nft list ruleset`. Ukweli wa kifungo uko kwenye kanuni za ngome, hauko kwenye ripoti ya fail2ban.

Docker ndiyo shule kamili. Pakiti zinazokwenda kwenye mlango uliotangazwa na Docker hazipiti INPUT, mnyororo wa kanuni za pakiti zinazoishia kwenye seva yenyewe, zinapita FORWARD, wa zinazopitishwa mbele, na fail2ban kwa kawaida inaweka kanuni zake INPUT. Kwa hiyo jela ya nginx (programu ya kuhudumia tovuti) iliyo ndani ya kontena inafunga mlango ambao hakuna anayeupita. Ongeza `chain = DOCKER-USER` kwenye jela hiyo. Wengi huishia hapo na bado haifanyi kazi, kwa sababu kufikia mnyororo huo namba ya mlango imeshabadilishwa: ulichotangaza kama 8080 sasa kinasomeka 80. Tumia `iptables-allports` usahau habari ya namba. Angalia pia saa. Kontena nyingi huandika kwa UTC. Mashine mama ikiwa kwenye saa za Nairobi au Dar es Salaam, kila mstari unaonekana una umri wa saa 3. Matoleo ya zamani yaliupuuza kwa kuwa umepita `findtime`. Mapya hulalamika kwenye logi. Mstari wa `logtimezone = UTC` ndani ya jela unamaliza ubishi.

Nyuma ya Cloudflare au proksi nyingine, kufungia kwenye ngome ya seva hakuna maana, kwani anayegonga mlango wako ni proksi mwenyewe. Logi ikiandika anwani ya proksi, utawafungia wateja wote kwa mpigo. Ikiandika ya mgeni halisi, kanuni itakaa pale bila kumgusa mtu. Kifungo kitolewe kwenye proksi yenyewe. Kitendo cha `cloudflare` kipo ndani ya `action.d`, kinahitaji funguo za API.

Kwa seva zenye wateja wa Afrika Mashariki kuna jambo la kupima kabla ya kukaza namba. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IPv4. Ukiweka `maxretry = 3` na kifungo cha wiki kwenye ukurasa wa kuingia wa shule au SACCOS, mtu mmoja aliyesahau nywila anaweza kuwafungia nje wanachama ambao hawajakosa lolote. Kwenye SSH kaza unavyotaka. Kwenye ukurasa wa umma, makosa 10 na kifungo cha nusu saa ni salama zaidi.

Usichokitegemee kwake: mashambulizi ya anwani elfu, kila moja ikijaribu mara moja na kuondoka. Kila anwani inabaki chini ya kiwango, basi hakuna anayefungwa. Dawa ya hapo ni `PasswordAuthentication no` (kuzima nywila kwenye SSH) na kuingia kwa ufunguo, na ukishafanya hivyo, fail2ban kwenye SSH inabaki ya kupunguza kelele kwenye logi tu. OpenSSH 9.8 yenyewe ilikuja na `PerSourcePenalties`, imewashwa tayari, inayowawekea wasumbufu vizuizi vifupi bila kusoma logi yoyote. Kwa seva ya SSH pekee yenye funguo, hiyo inatosha na fail2ban si lazima. CrowdSec, programu ya kazi kama hii iliyoandikwa kwa Go, inashirikisha orodha ya wabaya kati ya seva nyingi, na hapo inaipita fail2ban kwa mbali. Gharama yake ni vipande vingi zaidi vya kusimamia na taarifa za mashambulizi yako kwenda nje, ukikubali kushiriki.

Barua pepe za kila kifungo zizime. Zitajaza sanduku hadi uache kuzisoma, na mwaka 2021 kitendo cha `mail-whois` kilikutwa na tundu la usalama, CVE-2021-32749, lililoweza kumpa mtu wa mbali nafasi ya kuendesha amri kwenye seva.

Jaribio la mwisho huchukua dakika tano. Acha dirisha moja la SSH likiwa wazi kutoka anwani iliyo kwenye `ignoreip`. Washa hotspot ya simu, ingia kupitia hiyo, kosea nywila mara 5. Jaribio la 6 likataliwe kabla hata ya kuulizwa nywila. Kwenye dirisha la kwanza endesha `fail2ban-client status sshd`, uione anwani ya simu, kisha uitoe kwa `fail2ban-client set sshd unbanip` ikifuatiwa na anwani hiyo. Lirudie kila unapopandisha toleo la mfumo, la OpenSSH au la fail2ban yenyewe.