Baiskeli ya Kwendea Kazini Dar es Salaam: Ipi ya Kwanza, Ipi ya Mwisho

Kutoka Kimara hadi Posta ni kama kilomita 15. Mwendeshaji mwenye wastani wa kilomita 20 kwa saa huumaliza mwendo huo kwa dakika 45, na mwenye wastani wa kilomita 24 humtangulia kwa dakika saba na nusu tu. Pancha moja ikitokea Manzese hula dakika 20 au zaidi, na aliyekuwa mbele huwa wa mwisho kufika. Kwa sababu hiyo, anayetafuta baiskeli yenye kasi kwa safari ya kazini ya kila siku katika jiji hili asianze kwa kuuliza uzito wa fremu wala idadi ya gia, bali aangalie kwanza kama fremu na foki vina nafasi ya kupokea tairi pana kiasi, kwa maana mwenye kasi Dar es Salaam ni yule asiyelazimika kusimama wala kupunguza mwendo kila baada ya mita 100.

Tairi la milimita 23 au 25, lile la baiskeli za mashindano, linataka upepo mwingi sana ili rimu isigonge ukingo wa shimo, na likijazwa hivyo huruka juu ya kila kokoto. Anayeliendesha hupunguza mwendo kwenye kila tuta, kila mfuniko wa mtaro uliozama, na kila mahali ambapo lami imekatika na kuacha mchanga mtupu. Tairi la milimita 32 hadi 38 hubeba mtu wa kilo 70 au 80 kwa upepo wa psi 50 hadi 65 hivi, hupita juu ya hayo yote kwa utulivu, na kwenye lami nzuri halina upungufu wa kasi ambao mtu wa kawaida angeweza kuuhisi. Kipimo chake dukani ni rahisi: ingiza kidole kidogo kati ya tairi na foki, kisha kati ya tairi na mirija ya nyuma. Kidole kisipopita, tairi unaloliona ndilo kubwa kuliko yote litakaloingia hapo, na kama ni jembamba, usiendelee kujadili bei.

Jambo la pili ni malighafi iliyotengenezewa fremu. Mimi hupendekeza chuma, hasa kile chepesi cha kromoli, kwa sababu kikipata ufa fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kukitibu siku hiyohiyo, ilhali alumini iliyopasuka haifai kuchomelewa ovyo kwani joto huidhoofisha, na kaboni iliyopasuka haina fundi pembeni mwa barabara. Adui wa chuma ni kutu, na hapa pwani hewa ya chumvi huitafuta kila nati. Anayepita kila siku Barabara ya Barack Obama kando ya bahari, au anayevuka kwa kivuko kutoka Kigamboni, ataona mnyororo umeanza kuwa mwekundu ndani ya siku chache asipoufuta na kuupaka mafuta. Ndani ya mirija ya fremu pia maji ya masika hutuama, kwa hiyo kila baada ya mvua kubwa chomoa kiti pamoja na nguzo yake na uipindue baiskeli juu chini kwa muda. Alumini haishiki kutu ya namna hiyo, na kwa mtu asiyependa kazi ya kufutafuta, ni chaguo la haki kabisa.

Kwa vigezo hivyo, naziweka hivi baiskeli zinazopatikana kwetu.

Nafasi ya kwanza naipa baiskeli ya mtumba kutoka Japani ya aina ambayo Wajapani wenyewe huiita kurosu baiku: usukani mnyoofu, rimu za 700, foki ngumu isiyo na springi, gia za nje, na breki za alumini zinazobana rimu. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 11 na 13. Nyingi huwa na nafasi ya tairi la milimita 32 au 35, huwa na matundu ya kufungia karia na madigadi, na rangi zake huwa za kijivu, nyeusi au buluu iliyopoa, bila maandishi makubwa. Majina kama Bridgestone, Miyata na Giant yakionekana kwenye fremu ni dalili nzuri, ingawa hali ya baiskeli yenyewe ina uzito kuliko jina. Kukaa kwake kunakufaa kwenye foleni: unaona juu ya bajaji, unageuka haraka bodaboda anapokatisha mbele yako, na vidole viko kwenye breki muda wote. Kwa anayetoka Mwenge, Sinza, Tabata au Kimara sijaona inayoizidi.

Ya pili ni baiskeli ya zamani ya chuma yenye usukani uliopinda kwenda chini, iliyotengenezewa safari ndefu. Hii ndiyo ya kwanza kwa mtu wa Tegeta au Bunju, na sababu ni upepo. Wakati wa kusi, anayeteremka Barabara ya Bagamoyo kwenda mjini hupambana na upepo wa mbele, na wakati wa kaskazi hukutana nao jioni anaporudi, hasa mchana unapokuwa umepasha joto na bahari kuanza kuvuma. Usukani unaokuruhusu kuinama hupunguza kazi hiyo kuliko gia yoyote. Hata hivyo zina mtego mmoja ambao umewagharimu wengi. Baiskeli nyingi za kale za namna hii zina rimu za inchi 27, ambazo kwa macho hufanana kabisa na za 700, lakini kipenyo cha mahali tairi linapokaa ni milimita 630 badala ya 622, na tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Soma nambari zilizochapwa ubavuni mwa tairi. Ukikuta 630, uliza kwanza kama breki zinaweza kushuka milimita 4 ili ubadilishe rimu, au uwe na hakika ya mahali pa kupata matairi.

Nafasi ya tatu ni ya baiskeli za mjini za Japani zenye kikapu mbele, kifuniko cha mnyororo na gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma. Watu huzidharau kwa sababu ni nzito, na ni kweli kwamba nyingi hukaribia kilo 20. Lakini kwa safari fupi ya kilomita chache kwenye tambarare, tuseme Ilala hadi Posta au Magomeni hadi Upanga, tofauti ya muda ni ndogo, na faida ni nyingi: mnyororo uliofunikwa hauchafui suruali wala kanzu, fremu iliyoshuka katikati humfaa aliyevaa sketi au gauni, kufuli la gurudumu limo tayari, na nyingi zina taa ya dainamo isiyohitaji betri. Gia zake tatu zinatosha mjini. Kwenye vilima vya Makongo au Kimara utatamani ya nne, iliyo nyepesi zaidi. Kubadilisha tairi la nyuma nako kunataka fundi mvumilivu, maana kuna waya wa gia na mkono wa breki wa kufungua.

Phoenix, Avon na Hero naziweka nafasi ya nne kwa heshima zote. Hakuna baiskeli inayofahamika zaidi kwa mafundi wetu, spea zake hazikosekani Kariakoo, hubeba mzigo ambao nyingine zingevunjika nao, na hakuna anayegeuka kuitazama ikiwa imefungwa nje ya ofisi. Ingekuwa habari ya uimara na kutovuta macho peke yake, ingeshika nafasi ya kwanza. Kinachoishusha ni mwendo, na zaidi ya mwendo ni breki. Rimu ya chuma iliyong'arishwa ikilowa maji haishikwi vizuri na mpira wa breki, na katika asubuhi ya masika baiskeli huendelea kuserereka mita kadhaa baada ya wewe kuamua kusimama. Anayeinunua kwa safari ya kazini ajizoeze kubana breki kabla ya haja.

Ya tano ni baiskeli ya mashindano ya kisasa. Nilinunua moja miaka iliyopita, nikiamini kwamba wepesi wake ungenifikisha ofisini mapema, na muuzaji alinihakikishia kwamba matairi yake ya milimita 23 yangemudu barabara yoyote. Nililipenda umbo lake mno. Katika miezi mitatu niliziba pancha nyingi kuliko nilizopata katika miaka miwili kabla yake, na rimu ya nyuma ilipinda karibu na Ubungo kwa shimo lililojaa maji ambalo sikuweza kulikadiria kina. Isitoshe, baiskeli ya namna hiyo hutazamwa na kila mpitaji, na mwenye kuitazama mara tatu huenda akawa anapima kufuli. Ni baiskeli njema ya Jumapili alfajiri.

Mwisho kabisa naweka zile baiskeli mpya za bei nafuu zenye springi mbele na nyuma, matairi ya vinundu vya mpira na rangi za kung'aa. Nasikitika kuziona zikinunuliwa na vijana wanaoanza kazi, kwa kuwa ndizo zinazoonekana dukani kuwa za kisasa na zilizoshiba vifaa. Springi za bei hiyo hunyonya nguvu ya kila unapokanyaga pedeli, viungo vyake hulegea, na uzito wake unaweza kuufikia wa baiskeli ya kikapu bila kuwa na faida zake. Aliyekwisha kununua asiitupe: abadilishe matairi kwa yale laini ya inchi 26 yenye upana wa 1.5 au 1.75, na ataona tofauti kubwa kwa gharama ndogo.

Unapokwenda kuchagua mtumba, nenda asubuhi penye mwanga, ukiwa na rula na kitambaa. Pangusa vumbi chini ya mrija unaoshuka kutoka kwenye usukani hadi krenki, karibu na ncha yake ya juu, na upitishe kidole: rangi iliyovimba au kujikunja hapo ina maana baiskeli iligonga kitu. Jaribu kuteremsha kiti na kulegeza usukani. Nguzo ya alumini iliyogandiana na fremu ya chuma kwa kutu inaweza kugoma kutoka daima, na utaendesha kwa kimo cha mtu mwingine. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba, na gusa ubavu wa rimu breki zinapokamata; ukiwa umebonyea kama kijiko, rimu imekwisha. Pima mnyororo kwa rula kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake. Mpya husoma milimita 304.8. Ukisoma 306.4 mnyororo unabadilishwa, na ukifika 308 hesabu kwamba meno ya nyuma nayo yamelika, hivyo bei ishuke kwa kiasi hicho.

Kimo nacho kisipuuzwe. Simama ukutani bila viatu, pima kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, kisha zidisha kwa 0.67, mwenye sentimita 80 atapata karibu 54, nao ndio urefu wa mrija wa kiti wa kuanzia kutafuta katika fremu ya zamani yenye mrija wa juu uliolala sawa. Fremu ndogo kidogo hurekebishika kwa kupandisha kiti. Kubwa mno haina dawa.

Usitumie fedha zote kwenye baiskeli. Mimi hutenga robo ya bajeti kwa matairi mapya, mnyororo, mipira ya breki, kufuli la chuma lenye umbo la U na taa mbili, na taa si anasa: jua letu huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 mwaka mzima, kwa hiyo anayetoka kazini saa 12 na nusu kwenda mbali hufika nyumbani gizani. Kwenye njia ya baiskeli iliyojengwa kandokando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mwendokasi utakutana na bodaboda wakija mbele yako bila taa, na taa yako ndiyo itakayowaonya. Magurudumu yanayofunguka kwa kishikizo cha mkono yabadilishiwe ekseli za nati. Ng'oa vibandiko vyote vinavyotaja jina la fremu.

Kabla ya kulipa, pindua baiskeli na utafute nambari iliyogongwa chini ya krenki, uipige picha, na umwombe muuzaji aiandike kwenye hati ya mauziano pamoja na jina lake na tarehe. Akikataa, baiskeli hiyo iache hapohapo.