M33 au NGC 253: ipi utaiona kwanza kwa darubini ndogo?

Zote mbili ni galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota. Ukisoma namba tu, M33 imeshinda. Mng'ao wake ni 5.7, wa NGC 253 ni 7 na ushei (namba ndogo ndiyo yenye mwanga zaidi). Tena iko karibu: miaka-nuru milioni 3 hivi, mwenzake milioni 11. Lakini uani, kwa darubini yenye kioo cha upana wa milimita 114, mambo hugeuka. Mwanga wa M33 umetandazwa eneo pana kuliko mwezi mpevu, kama kijiko cha maziwa ndani ya ndoo ya maji. Taa moja ya jirani yatosha kuimeza. Ukiitafuta, kuza mara 25 tu, kisha itikise darubini polepole, maana jicho hunasa kinachosogea.

NGC 253, aliyoigundua mwanaastronomia Caroline Herschel mwaka 1783, tunaiona kwa ubavu, hivyo mwanga wake umebanana kuwa ukanda mwembamba. Isitoshe, Novemba ukiwa Dodoma hupita karibu na utosi, ilhali M33 hubaki chini zaidi, upande wa kaskazini. Mimi huanza na NGC 253. M33 naiwekea safari za shamba, usiku usio na mwezi.