Spana nyembamba: kununua au kusaga ya kwako?

Fundi baiskeli yeyote wa Tabora anaijua shida hii. Ekseli ina koni, kile kipande kinachogusa gololi, na juu yake nati ya kufungia. Ukikaza nati bila kuishika koni, nayo inazunguka, gololi zinabanwa na gurudumu linakuwa zito. Pale pa kushikia koni ni pembamba, spana ya kawaida haiingii.

Spana ya koni ya dukani ina unene wa milimita 2 hivi. Saizi zinazotumika sana ni 13 kwa gurudumu la mbele na 15 kwa la nyuma. Usipoipata mjini, agiza Dar es Salaam ije na basi. Kwa anayefungua magurudumu kila siku, mimi nasema anunue, tena bila kusita.

Kusaga kunafaa kwa nati nyembamba za mashine. Nati ya kufungia ya M10, yaani ya bolti ya milimita 10, ina unene wa milimita 5 tu, na spana yake ni 16 au 17. Chukua spana kuukuu, pitisha grenda kwenye bapa za kichwa pande zote mbili. Mdomo wenyewe usiuguse, ukipanuka utakula kona za nati. Chovya kwenye maji kila mara. Chuma kikigeuka rangi ya bluu, ugumu wake umepungua, na mdomo utafunguka ukikaza kwa nguvu.

Yoyote utakayochagua, usiiunganishe na bomba kuongeza nguvu. Nyembamba ni ya kushikilia. Kazi ya kukaza ipe spana nene iliyo juu yake.