Ekzosi ya Raptor yangu: seti ya kwanza niliitoa, ya pili imebaki

Ninaendesha pikapu ya Ford F-150 Raptor ya mwaka 2018, na kwa nguvu sina ugomvi nayo hata kidogo. Injini ya V6, yaani silinda sita, ya lita 3.5, turbo mbili, nguvu za farasi 450. Ukikanyaga mafuta inakubandika kwenye kiti. Kilichokuwa kikiniuma ni sauti. Raptor za kizazi cha kwanza zenye V8 (silinda nane) ya lita 6.2 ukiziwasha unajua kimewashwa kitu. Yangu ilikuwa inavuma tu kama feni kubwa. Turbo ndizo zinazomeza sauti: moshi unazungusha feni zake kwanza, ukifika kwenye bomba umeshapungua makali, halafu huko nyuma unakutana na sailensa nene ya kiwandani.

Niliamua kubadilisha kila kitu kuanzia nyuma ya masega, yaani vichujio vinavyosafisha moshi, hadi mdomo wa bomba. Masega yenyewe sikuyagusa wala simshauri mtu ayaguse. Ukiyatoa, taa ya injini inawaka, moshi unanuka, na katika nchi nyingi unavunja sheria.

Seti ya kwanza niliichagua kwa kusikiliza video. Sailensa yake ndogo, bomba limenyooka ndani yake, sauti kali. Siku ya kwanza nilipoiwasha nilifurahi mpaka nikaizima na kuiwasha tena. Tulipoingia barabara kuu, gia ya 10, mizunguko ya injini kati ya 1,600 na 1,900 kwa dakika, furaha ikaisha. Kulikuwa na mvumo mzito ndani ya kebini, unaotua kifuani na kubana masikio kama unashuka milima. Mama yangu alikuwa kiti cha nyuma. Akaniuliza, "Mwanangu, tairi limepatwa na nini?" Baada ya saa mbili hakuongea tena, na tulipofika alikwenda kulala bila kula. Wiki ile ile niliifungua.

Ndipo nikakaa nikajifunza kilichotokea. Kila silinda hulipua mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini, kwa hiyo V6 kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika inatoa mapigo 90 kila sekunde. Mapigo hayo yakiikuta kebini iliyofungwa, kebini nzima inaitikia kama ngoma. Video haikuonyeshi hilo, kwa sababu wengi wanarekodi wakiwa wamesimama nyuma ya gari na injini ikiwa inapandishwa moto. Hakuna anayekuonyesha dakika arobaini za mwendo uleule.

Seti ya pili ina sailensa kubwa zaidi, na pembeni mwa bomba kuna kibomba kilichozibwa mwisho. Wimbi la sauti linaingia humo, linagonga ukuta, linarudi likiwa limepishana na linalokuja, na mawimbi hayo mawili yanauana. Urefu wake umepimwa kwa ajili ya ule mvumo peke yake, kwa hiyo ukikanyaga mafuta mngurumo wote unaupata.

Tuliifunga mimi na mdogo wangu, kazi ya nusu siku. Teremsha tairi la akiba kwanza, vinginevyo hupati nafasi ya mkono. Nati za zamani tulizilowesha mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na raba za kuning'inizia zilitoka kwa maji ya sabuni. Kosa letu lilikuwa kukaza klempu, vile vibano vya kuunganisha mabomba, moja baada ya nyingine. Tulipomaliza, mdomo wa kushoto ulikuwa umeinama kuliko wa kulia. Tukalegeza zote, tukapanga mabomba mpaka yakakaa sawa, ndipo tukakaza tukianzia mbele kwenda nyuma. Mara ya kwanza kuwasha ilitoa moshi mweupe chini ya gari. Ni mafuta ya kiwandani juu ya bomba jipya, yanaungua na kuisha.

Asubuhi ya pili, injini ikiwa ya baridi, nikasikia tik-tik-tik. Ikipata moto inapotea. Niliingia chini na tochi, nikaona pete nyembamba ya masizi meusi kwenye kiungo cha kwanza. Klempu ilikuwa imelegea baada ya chuma kupashwa moto na kupoa. Robo mzunguko wa spana, ikanyamaza. Zikague zote baada ya siku chache za kwanza.

Nguvu? Sikuona tofauti, na mafuta ninajaza kama zamani. Anayekuahidi farasi wengi kwa kubadilisha mabomba ya nyuma tu kwenye gari la turbo, mwombe vipimo. Mimi nilitaka sauti na nimeipata: nzito ikiwa imesimama, kali nikipita gari jingine, na kwenye mwendo wa barabara kuu imetulia. Juzi tulirudia safari ile ile na mama. Aliongea njia nzima.