Waliniuzia spika, kisha wakasema masikio ya mama yangu ndiyo mabovu

Jambo hili limenikaa kifuani kwa majuma kadhaa sasa. Kila nikijiambia limepita, nikiwasha runinga jioni linarudi, basi acha niliandike lote hapa, nanyi mnaotaka kununua homu thieta, yaani seti ya spika za runinga, hapa Nakuru mlisome kabla hamjatoa pesa.

Mama yangu amekuwa akikaa nasi tangu mvua ndefu zilipoanza. Kwake ni Molo, na huko alikuwa na redio yake ndogo ya betri, anailaza begani, anasikia kila kitu. Hapa kwetu kuna runinga kubwa na nyembamba, na kila jioni habari za Kiswahili za saa moja zikianza yeye ndiye wa kwanza kuketi. Lakini alikuwa hasikii. Picha anaziona, maneno yanampita. Runinga hizi mpya spika zake ziko chini kabisa, zinatazama meza badala ya kumtazama mtu, na sebule yetu ina vigae sakafuni, kila sauti inagonga na kurudi. Mvua ikipiga mabati ndiyo kabisa. Mwanzoni alikuwa akiniuliza, "Amesema nini?" Mara tano, mara sita kwa jioni moja. Halafu akaacha kuuliza. Alipoacha ndipo nilipoumia, kwa maana nilijua sasa anaketi tu kutuheshimu.

Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika, sikununua sofa kama nilivyokuwa nimepanga. Nilikwenda mjini, kwenye duka moja la vifaa vya sauti ambalo sitalitaja, nikamweleza kijana wa hapo kwa utaratibu. Nataka mtu mzee asikie watu wakizungumza, nikamwambia. Muziki sina haja nao sana. Akaniambia nimefika mahali penyewe, akanipeleka kwenye seti moja ya spika tano na sabufa, ile spika ya sauti nzito, na amplifaya yake inayoziendesha zote, akaweka wimbo. Kioo cha kaunta kikatetemeka. Watu wakasimama mlangoni. Nami nikashawishika, na hapo nakiri nilikosea: nilijaribiwa sabufa nikadhani nimejaribiwa sauti ya mtu. Ukienda kununua, waambie waweke taarifa ya habari, au mahubiri, au watu wawili wanabishana. Wakikataa, toka.

Nikalipa. Fundi wao akaja nyumbani siku hiyohiyo. Alifanya kazi kama nusu saa hivi, akasukuma sabufa kwenye kona, akazungusha kitufe chake hadi mwisho, akaweka wimbo uleule wa dukani, akapewa nauli na chai, akaenda.

Saa moja ikafika. Mtangazaji akafungua mdomo, na sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya tangi tupu. Sijui niieleze vipi vizuri zaidi. Ilikuwa kubwa, lakini haikuwa na mahali. Ukigeuza kichwa kidogo inahama. Ukisimama katikati inakonda. Kutoka konani sabufa ilikuwa ikivuma juu ya kila neno. Mama akatazama, akatazama, kisha akachukua kitambaa alichokuwa akishona.

Kuna spika moja ya katikati, ile inayolala chini ya runinga. Kijana alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba hiyo ndiyo ya maneno. Nilipiga magoti nikaweka sikio kwenye kitambaa chake. Kimya. Hata mvumo haukuwapo.

Nilipiga simu. "Zoeeni kwanza, mum." Kesho yake nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Siku ya tatu au ya nne nikamshika Mama mkono tukapanda matatu hadi mjini, kwa maana nilitaka wamwone mtu niliyemnunulia.

Kijana alinisikiliza akiwa anaangalia simu yake. Nikamweleza ya tangi, nikamweleza ya spika ya katikati. Akainua macho, akamtazama Mama kuanzia leso ya kichwani hadi viatu, kisha akasema, mbele ya wateja na wenzake wawili, "Mum, hapo shida si spika. Shida ni masikio ya shosho. Mpeleke kwa daktari kwanza." Wenzake wakacheka.

Na hilo Mama alilisikia. Neno kwa neno.

Bado akaendelea. Akasema kama ni lazima, basi niongeze pesa anipe spika kubwa zaidi, zilizoandikwa maelfu ya wati kwenye katoni, kwamba hizo hata kiziwi atasikia. Alitumia neno hilo, kiziwi, akiwa hatua mbili kutoka kwa mama yangu. Sikumjibu. Nilikuwa natetemeka. Tukatoka.

Ndani ya matatu Mama hakusema kitu hadi karibu na kwetu. Kisha akasema, "Usinunue vingine. Usimalize pesa zako kwa ajili ya masikio yangu."

Sasa niseme na hili, nisije nikaonekana naficha. Masikio ya Mama yalikuwa yameshapimwa hospitalini. Ni kweli yamepungua, hasa kwa sauti nyembamba, kama yanavyopungua ya wazee wengi. Na sauti nyembamba ndizo zinazobeba s na f na t na k. Kwa hiyo mtu akisema pita, pika au pisha, Mama anapata i na a zake vizuri, katikati anabahatisha. Hili nililijua kabla sijaingia dukani, na ndilo nililomweleza kijana yule. Nilimwambia tatizo nikitaka kifaa cha kulipunguza, naye akanirudishia tatizo lilelile kama tusi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza redio si mbali na stendi yetu. Nilimfuata bila matumaini, nikitaka tu aniambie kama vitu hivi vinauzika tena. Akasema, "Twende nione, mwanangu. Usiuze kitu ambacho hujakisikia." Sikumwelewa.

Alipofika alimsalimu Mama kwanza. Wakaulizana habari za Molo na viazi. Kisha akaomba habari iwekwe na sote tunyamaze, akaketi pale Mama anapoketi, akafumba macho. Haikufika dakika moja. Akavuta meza ya runinga, akawasha tochi, akaniita.

Nyaya za spika zile ni za plastiki angavu, nyuzi mbili zimeshikana, na ubavuni mwa mmoja kuna mstari mwembamba mwekundu. Mstari huo kazi yake ni moja tu: wenye mstari uingie kwenye nyekundu, nyuma ya amplifaya na nyuma ya spika, usio na mstari uingie kwenye nyeusi pande zote mbili. Spika ya kushoto ilikuwa sawa. Ya kulia, kwenye amplifaya mstari uliingia nyekundu, na kwenye spika ukaingia nyeusi. Umegeuzwa. Niliuona kwa macho yangu, nikaugusa.

Sikuwa naelewa kwa nini jambo dogo hivyo lina uzito. Akachomoa nyaya zote mbili kwenye amplifaya, akabandua vitambaa vya spika, akatoa betri ya tochi, ile ndogo ya volti 1.5, akagusisha ncha zake kwenye waya wa kushoto. Spika ikatoa "tap", na bakuli lake likaruka mbele. Akagusisha waya wa kulia vilevile, mstari kwenye chanya. Bakuli likarudi nyuma. Akarudia mara tatu ili niridhike. "Unaona? Huyu anasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Wanabishana." Sauti ya mtangazaji hutoka spika zote mbili ikiwa ileile, kwa hiyo moja ikisukuma huku nyingine ikivuta, zinafutana, na inayobaki ni ile ya ndani ya tangi. Hakuna sikio duniani, la mtoto wala la mzee, ambalo lingeisikia vizuri. Nami nilikuwa nimemwacha Mama arudi nyumbani akidhani ni yeye.

Akaugeuza waya, akazirudisha nyaya kwenye amplifaya. Hapo hapo, kabla ya kugusa kitu kingine, sauti ikaja katikati ya runinga.

Lakini ya katikati ilikuwa bado kimya, na hapo palikuwa na mambo mawili. La kwanza ni rimoti. Amplifaya ilikuwa imeachwa kwenye stereo, na ikiwa hapo inatumia spika mbili za mbele na sabufa, basi. Habari zetu huja kwa njia mbili tu, kushoto na kulia, na lazima uiambie amplifaya ichukue kile kinacholingana pande zote mbili ikipeleke katikati. Ni kitufe kimoja kimeandikwa Surround. Kimoja! Akakibonyeza, na spika niliyokuwa nimeipigia magoti ikazungumza.

La pili ni kebo. Fundi wa duka alikuwa ameunganisha runinga na amplifaya kwa zile nyaya nyekundu na nyeupe, na kebo ya HDMI niliyoilipia, ile inayobeba picha na sauti pamoja, ilikuwa ndani ya katoni, haijafunguliwa hata mfuko. Kwa habari, nyekundu na nyeupe zingetosha. Kwa sinema yenye sauti ya njia tano na sabufa hazitoshi hata kidogo, kwa sababu zinabeba mbili. Mzee akamulika nyuma ya runinga. Matundu ya HDMI yalikuwa matatu, na la pili peke yake lina herufi ndogo ARC. Ni hilo tu linaloweza kurudisha sauti kutoka kwenye runinga kwenda kwenye amplifaya, na kwenye amplifaya nayo kuna tundu lenye herufi hizohizo. Ukichomeka tundu la jirani utapata kimya, na nadhani yule fundi alijaribu jirani, akapata kimya, akakimbilia nyekundu na nyeupe. Mfumo huu upo tangu 2009, si kitu cha kumshinda mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Ndani ya runinga, kwenye mipangilio ya sauti, palikuwa pia pamewekwa PCM, ambayo hapo hupunguza sauti iwe ya njia mbili, mzee akaiondoa akaweka Auto ili sauti ya sinema ipite bila kupunguzwa. Tangu hapo rimoti ya runinga inapandisha na kushusha amplifaya yenyewe, na Mama hahitaji kujua rimoti ya pili.

Kabla hamjanunua, basi, geuzeni runinga yenu mtafute herufi hizo tatu. Kama hazipo, ulizeni amplifaya yenye tundu la waya wa mwanga, wanaouita optical, nao unabeba sauti ya sinema ya njia tano. Msiulize wati. Ile habari ya maelfu ya wati nilimuuliza mzee, akasema namba za kwenye katoni mara nyingi ni za kuuzia, na hata zingekuwa za kweli, ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu, kipimo cha ukubwa wa sauti, nyongeza ambayo mtu huisikia kidogo. Ili sauti isikike kubwa mara mbili unahitaji wati kama mara 10. Yaani kijana alitaka kunivua pesa nyingine ili zile spika zibishane kwa nguvu zaidi.

Mwisho mzee akaitoa sabufa konani, maana kona huongeza mvumo, akaishusha hadi karibu nusu, na spika ya katikati akaipandisha desibeli 3. Nilimlipa alichoomba, na kilikuwa kidogo hadi nikaona haya, nikamwongezea unga na sukari.

Saa moja ikafika. Mama aliketi na kitambaa chake mapajani, hakukishona. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, "Huyu msichana ana mafua leo." Nikasikiliza. Ni kweli, mtangazaji alikuwa na mafua, na mimi sikuwa nimegundua.

Kwa hiyo ukiniuliza mtambo ni mzuri au mbaya, nashindwa kujibu kwa hasira niliyoanza nayo. Ni mzuri. Siku nilipotoka dukani ningeutupa barabarani, na leo mtu aje na pesa mara mbili simpi. Spika za nyuma bado naziona si kitu, kwa habari hazina kazi, na kama ningeanza upya ningechukua spika tatu za mbele zilizo bora nikaacha hizo. Duka nalo nilitaka kuliwekea nyota mbili, kwa kuwa vifaa vilikuwa halali na risiti walinipa. Lakini nikikumbuka wale wawili walivyocheka naona hata moja ni nyingi. Meneja wao alipiga simu baada ya kupata malalamiko yangu, akasema atanipa kebo ya bure. Kebo ninayo, iko kwenye katoni walilolileta wenyewe. Nilimwambia nataka kijana amwombe mama yangu radhi, akasema atazungumza naye. Hajarudi.

Kuna stendi mbili za spika nilizolipia tangu siku ya kwanza, hawajazileta. Jumamosi nakwenda kuzichukua, na nakwenda na Mama.